Barua pepe ipi kwa mradi upi? Njia za kuweka utambulisho wa Git, moja kando ya nyingine

Nilikuwa nimeshasukuma komiti kumi na nne (komiti ni mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia ya mradi) kwenye repo ya mteja, yaani hifadhi ya msimbo wake, ndipo mmoja wa watu wao akaniuliza, kwa adabu zote, huyu anayewaandikia msimbo kwa barua pepe yenye jina la utani ni nani. Alikuwa mimi. Anwani ile niliiweka siku ya kwanza nilipoisakinisha Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, nikaisahau, nayo ikawa inanifuata kila mradi niliougusa kwenye kompyuta ile. Msimbo ulikuwa sawa na mteja hakukasirika. Lakini anwani imo kwenye historia yao mpaka leo, kwa sababu wengine walikuwa tayari wamejenga juu ya komiti zile, na kuiandika historia upya kungewavuruga wote.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kuiambia Git kwamba hapa mimi ni mfanyakazi na kule mimi ni mimi. Zipo tano au sita, kutegemea unavyozihesabu. Zote hufanya kazi siku unayokumbuka. Kwa hiyo sizipimi kwa uwezo wake. Nazipima kwa swali moja tu: siku nikisahau, itatokea nini?

## Kinachoandikwa ndani ya komiti

Kabla ya kuchagua njia, tazama kitu chenyewe. Ingia kwenye repo yoyote yenye komiti, uandike:

```
git cat-file -p HEAD
```

Utaona mistari ya namna hii:

```
tree 9c1f...
parent 4be0...
author Jina Langu <mimi@binafsi.example> 1718000000 +0000
committer Jina Langu <mimi@binafsi.example> 1718000000 +0000
```

Watu ni wawili. `author` ni aliyeandika mabadiliko, `committer` ni aliyeyaingiza kwenye historia. Mara nyingi ni mtu yule yule, lakini ukichukua komiti ya mwenzako kwa `git cherry-pick`, au ukaipitisha kwenye `git rebase`, inayoandika komiti upya, yeye hubaki mstari wa juu nawe unaingia mstari wa chini. Na `git log` ya kawaida haiuonyeshi mstari huo wa chini. Hapo ndipo anwani isiyotakiwa hujificha kwa miezi: unapitia historia, unaona majina yote yako sawa, kumbe chini yake anwani yako ya nyumbani imejaa tele. Ukitaka kuziona zote mbili:

```
git log --format='%h %ae | %ce' -20
```

Git haihakiki lolote kati ya haya. Ni maandishi tu, na ungeweza kuandika jina la mtu yeyote. Aliyezoea Subversion, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hushangaa hapa, maana kule jina la aliyekomiti huandikwa na seva kutokana na akaunti aliyoingia nayo, na swali la makala hii halijitokezi kabisa. Git ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, ambako mabadiliko yalikuwa yakitumwa kwa barua pepe kutoka mkono hadi mkono. Hakuna seva ya kuuliza wewe ni nani. Inaamini kilichomo kwenye mipangilio yako, basi.

Tovuti kama GitHub nazo huoanisha komiti na akaunti kwa anwani ya barua pepe, wala si kwa jina. Anwani ikikosewa, kazi yako hukaa pale bila picha wala kiungo, kama ya mtu asiyejulikana.

Jambo moja la mwisho kabla ya ulinganisho. Git husoma mipangilio kwa ngazi: kwanza faili ya mfumo mzima, kisha ya mtumiaji (`~/.gitconfig`), kisha ya repo (`.git/config`), halafu chochote ulichokitaja kwenye amri yenyewe kwa `-c`. Kinachosomwa mwisho ndicho kinachoshinda. Juu ya hayo yote vimekaa vigeu vya mazingira (thamani ambazo terminali huzipa programu inazoziendesha), `GIT_AUTHOR_EMAIL` na wenzake. Ukiushika mpangilio huu, nusu ya mafumbo yanayofuata yanajifumbua yenyewe.

## Anwani moja kwa kila kitu

```
git config --global user.email mimi@binafsi.example
```

Hii ndiyo njia ya kila mwongozo wa mwanzo, na kwa mtu mwenye utambulisho mmoja inatosha kabisa. Asiongeze kitu. Kama unachoogopa ni anwani yako kuonekana hadharani tu, GitHub hukupa anwani ya kujificha inayoishia `users.noreply.github.com`, iweke hapo na uendelee na maisha.

Tatizo huanza siku ya kupata utambulisho wa pili. Ukisahau, Git haisemi neno. Inachukua anwani ya jumla na kuendelea, na komiti inaonekana nzuri kabisa. Ndivyo nilivyofikisha kumi na nne.

## Kuandika ndani ya kila repo

Amri ni ile ile, bila `--global`, ukiwa ndani ya mradi:

```
git config user.email mimi@kazini.example
```

Anwani inaingia kwenye `.git/config` ya repo hiyo na inashinda ile ya jumla. Ninachoipendea njia hii ni uwazi wake. Mtu yeyote akifungua faili ile anaona, hakuna uchawi wa folda wala masharti, na kila programu inayoelewa Git huiheshimu, hata zile za madirisha na vitufe.

Lakini `.git/config` haisafiri. Ukikloni (kuinakili kutoka kwenye seva) repo upya, kwenye kompyuta nyingine au hata hiyo hiyo baada ya kuifuta, mpangilio umepotea nawe umerudi kwenye anwani ya jumla bila taarifa. Inawezekana kuibana mapema, wakati wa kukloni:

```
git clone -c user.email=mimi@kazini.example ANWANI_YA_REPO
```

Kuna wanaojitengenezea njia ya mkato ya kufanya hivyo. Hata hivyo bado unategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ni dhaifu zaidi hasa pale unapokloni kwa haraka ili kurekebisha hitilafu moja ndogo. Kwa repo moja au mbili za pekee, njia hii ni safi. Kwa repo thelathini za kazini, utakosa moja tu, na hiyo moja ndiyo itakayokuumbua.

## Vigeu vya mazingira

Hapa huigusi mipangilio ya Git hata kidogo. Unaweka vigeu vinne kwenye terminali:

```
export GIT_AUTHOR_NAME='Jina Langu'
export GIT_AUTHOR_EMAIL=mimi@kazini.example
export GIT_COMMITTER_NAME='Jina Langu'
export GIT_COMMITTER_EMAIL=mimi@kazini.example
```

Ukitumia programu ya direnv, mistari hii inakaa kwenye faili `.envrc` ndani ya folda. Ukiingia inawashwa, ukitoka inazimwa, baada ya wewe kuiruhusu mara moja kwa `direnv allow`. Kwa anayeishi terminalini muda wote ni raha. Kwa mashine zinazojenga programu zenyewe, au kontena (mazingira ya muda ya kuendeshea programu) zinazozaliwa na kufa ndani ya dakika tano, sioni njia bora kuliko hii, kwa kuwa haiachi faili nyuma.

Ila ina kasoro mbili ambazo zilinitoa kwake. Ya kwanza: kihariri ulichokifungua kwa kubofya alama yake hakijapita kwenye terminali yako, hivyo hakivioni vigeu hivyo. Unakomiti terminalini, unakuwa mfanyakazi. Unakomiti kwa kitufe cha kihariri, unarudi kuwa mwenye jina la utani. Repo ile ile, mchana ule ule. Ya pili ni kinyume chake. Vigeu hivi hushinda kila kitu, hata `-c`, kwa hiyo kikibaki kimoja kwenye terminali uliyoiacha wazi tangu juzi, utabadilisha mipangilio mpaka uchoke na Git haitakusikia. Na ukiweka viwili vya `AUTHOR` ukasahau viwili vya `COMMITTER`, umejirudisha kwenye ule mstari wa chini usioonekana.

Hiyo `-c` yenyewe, kwa mfano `git -c user.email=... commit`, ni ya kutumia mara moja. Haifai kuitwa mpango.

## Kwa folda: `includeIf` yenye `gitdir`

Tangu Git 2.13 ya mwaka 2017, faili ya mipangilio inaweza kuvuta faili nyingine kwa sharti. Sharti linalotumika zaidi ni mahali repo ilipo kwenye diski. Wengi wetu tayari tunatenganisha folda ya kazi na ya mambo yetu, kwa hiyo Git inaambiwa tu iufuate utaratibu uliopo:

```
[user]
    name = Jina Langu
    email = mimi@binafsi.example

[includeIf "gitdir:~/kazi/"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Kisha ndani ya `~/.gitconfig-kazi`:

```
[user]
    email = mimi@kazini.example
```

Repo yoyote itakayozaliwa au kukloniwa chini ya `~/kazi/`, hata folda tatu ndani, inapata anwani ya kazini. Huhitaji kukumbuka chochote isipokuwa kukloni mahali pake. Na faili ile ya pili haibebi anwani peke yake. Unaweza kuweka humo ufunguo wa kusaini komiti, amri ya SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva) yenye ufunguo wa kazini, kiolezo cha ujumbe wa komiti, chochote. Vigeu vya mazingira havikupi upana huo kwa urahisi.

Sasa mitego yake, maana hii ndiyo njia watu wengi huishia nayo na ndiyo wengi huilalamikia kwamba haifanyi kazi.

Wa kwanza ni mkwaju wa mwisho. Niliwahi kupoteza nusu ya Jumamosi kwa sababu niliandika `gitdir:~/kazi` badala ya `gitdir:~/kazi/`. Mkwaju ukiwepo, Git huelewa "na vyote vilivyomo ndani yake". Usipokuwepo, inatafuta repo ambayo folda yake ya `.git` ndiyo hiyo `~/kazi` yenyewe, na hiyo haipo. Haitoi kosa. Sharti halikutimia, basi, inapita.

Wa pili ni mpangilio wa mistari. Kumbuka kinachosomwa mwisho hushinda. Kama `includeIf` iko juu na `[user]` yenye anwani ya binafsi iko chini yake, ya binafsi inashinda kila mahali. Masharti yakae chini ya faili, siku zote.

Wa tatu ni jinsi ya kujaribu. Watu huingia `~/kazi`, wanaandika `git config user.email`, wanaona anwani ya binafsi, wanakata tamaa. Lakini `~/kazi` si repo, ni folda tu ya kuhifadhia repo, hakuna `.git` hapo, hivyo sharti halina cha kulinganisha nacho. Ingia ndani ya mradi wowote ulioko chini yake ndipo ujaribu:

```
git config --show-origin --get-all user.email
```

Itakutajia kila anwani iliyopatikana na faili ilikotoka, ya mwisho ikiwa ndiyo mshindi:

```
file:/home/mimi/.gitconfig         mimi@binafsi.example
file:/home/mimi/.gitconfig-kazi    mimi@kazini.example
```

Mstari wa pili usipoonekana, sharti halijatimia. Ukionekana na bado komiti inatoka na anwani nyingine, kuna kigeu cha mazingira mahali. `git var GIT_AUTHOR_IDENT` na `git var GIT_COMMITTER_IDENT` zitakupa jibu la mwisho baada ya kila kitu kuhesabiwa.

Wa nne ni kwa wanaotumia `git worktree`. Ukiwa na repo kuu kwenye `~/binafsi/` ukaifungulia nakala ya kufanyia kazi ndani ya `~/kazi/`, Git bado huiangalia `.git` ya repo kuu, kwa hiyo wewe ni wa binafsi. Jina la sharti lilikwisha kusema: ni `gitdir`, yaani mahali `.git` ilipo, wala si mahali uliposimama.

Kwenye Windows, ambako herufi kubwa na ndogo za majina ya folda hazitofautishwi, kuna `gitdir/i:` inayopuuza ukubwa wa herufi.

## Kwa anwani ya seva: `includeIf` yenye `hasconfig`

Hii ni mpya zaidi, imekuja na Git 2.36 mwaka 2022. Haiulizi repo iko wapi kwenye diski. Inauliza inasukumwa wapi:

```
[includeIf "hasconfig:remote.*.url:git@git.kazini.example:*/**"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
[includeIf "hasconfig:remote.*.url:https://git.kazini.example/**"]
    path = ~/.gitconfig-kazi
```

Mistari ni miwili kwa kuwa Git inalinganisha anwani kama ilivyoandikwa, na repo ile ile inaweza kukloniwa kwa SSH au kwa HTTPS. Ukisahau mmoja, umeacha mlango mmoja wazi.

Moyoni naiona hii kuwa karibu zaidi na ninachotaka kusema. Utambulisho wangu hautegemei folda niliyochagua; unategemea nani atapokea kazi yangu. Nikikloni repo ya kazini kwenye folda ya muda ili niangalie kitu kimoja, kisha nikaona hitilafu na kuirekebisha palepale, `gitdir` imenitupa lakini `hasconfig` bado inanijua. Kwa watu wasio na mpangilio wa folda, na wako wengi kuliko wanaokiri, hii ndiyo yao.

Inashindwa sehemu mbili. Mradi mpya uliouanza kwa `git init` bado hauna seva, kwa hiyo komiti zake za mwanzo hazitimizi sharti lolote. Na mradi wenye seva mbili, ya kwako na ya kampuni, unaweza kutimiza masharti mawili kwa pamoja; hapo anayeshinda ni aliyeandikwa chini zaidi kwenye faili. Pia kama seva yako ya kazi na ya mambo yako ni moja, tuseme zote ziko GitHub, itabidi sharti lifike hadi jina la shirika, kama `git@github.com:shirika/**`.

Jambo lililonishtua ni hili: Git ya zamani kuliko 2.36 ikikutana na sharti hili haikasiriki. Sharti isilolielewa inalihesabu kuwa halijatimia, inasonga mbele. Unanakili faili yako ya mipangilio kwenye seva fulani ya zamani, kila kitu kinaonekana shwari, na unakomiti kwa anwani isiyo yake. Andika `git --version` kabla ya kuiamini. Hivyo hivyo na programu za madirisha: baadhi haziiti Git uliyoisakinisha bali hutumia maktaba yao wenyewe, na maktaba hiyo huenda isiyafuate masharti yote. Komiti moja ya majaribio kutoka kwenye programu hiyo, kisha ile `git log` ya anwani mbili, itakupa jibu.

## Kufuli

Mpaka hapa kila njia, hata nzuri, ina siku yake ya kuteleza, na siku hiyo wote huangukia pamoja: kwenye anwani ya jumla, kimya kimya. Basi iondoe anwani ya jumla.

```
git config --global --unset user.email
git config --global user.useConfigOnly true
```

Mstari wa pili umekuwepo tangu Git 2.8 ya mwaka 2016, na sielewi kwa nini hausimuliwi zaidi. Bila huo, Git isipopata anwani hujaribu kubahatisha kutokana na jina lako la kuingilia na jina la kompyuta, na unaweza kuishia na komiti ya `mimi@kompyuta-yangu`. Ukiwepo, Git inakataa. Inakwambia hakuna barua pepe iliyotolewa na kubahatisha kumezimwa, na komiti haifanyiki.

Sasa lirudie lile swali. Nimesahau mkwaju: komiti imekataliwa. Git ni ya zamani na haielewi `hasconfig`: imekataliwa. Nimekloni mahali pasipo pake, nimeanza mradi usio na seva: imekataliwa, naandika amri moja ndani ya repo, naendelea. Makosa yale yale, ila yananijia mimi kwanza kabla hayajamfikia mteja.

Gharama yake ni usumbufu mdogo. Repo mpya zisizo chini ya sharti lolote zitakusimamisha mara ya kwanza, na hata kuunganisha matawi kunakozalisha komiti kutakataliwa. Wiki ya kwanza utanung'unika. Angalia pia usiliache jina, `user.name`, likaondoka pamoja na anwani kama jina lako ni lile lile kote. Hilo liache kwenye mipangilio ya jumla.

## Kwa hiyo, nani achukue ipi

Mwenye utambulisho mmoja asome hadi njia ya kwanza na afunge ukurasa.

Mwenye mradi mmoja tu wa pekee kati ya mingi ya kawaida aandike ndani ya repo hiyo. Kujenga masharti kwa ajili ya repo moja ni kununua mtumbwi kuvuka dimbwi.

Anayegawanya folda zake vizuri, na hasa aliye na miradi mingi mipya isiyo na seva, achukue `gitdir`. Anayekloni popote mkono unapoangukia, na ambaye ana uhakika kompyuta zake zote zina Git 2.36 au zaidi, achukue `hasconfig`. Mimi natumia zote mbili kwenye faili moja, `gitdir` juu na `hasconfig` chini, ili seva ikijulikana iwe na kauli ya mwisho. Vigeu vya mazingira nimeviacha kwa mashine na kontena.

Na yeyote kati ya hawa mwenye utambulisho zaidi ya mmoja aweke kufuli. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu leo, fanya hilo, hata kama hujachagua njia nyingine. Utalazimika kuchagua mara ya kwanza itakapokukatalia.

## Usichanganye na ufunguo

Swali linalorudi kila mara: "Nimebadilisha `user.email` lakini bado nakataliwa kusukuma." Hayo ni mambo mawili. `user.email` ni jina lililoandikwa kwenye bahasha. Ufunguo wa SSH ndio unaofungua mlango wa seva. Unaweza kuingia kwa ufunguo wa kazini ukiwa umebeba komiti zenye anwani ya nyumbani, na seva nyingi hazitakuzuia. Uzuri wa `includeIf` ni kwamba mambo haya mawili unaweza kuyafunga pamoja kwenye faili ile ile:

```
[core]
    sshCommand = ssh -i ~/.ssh/kazini -o IdentitiesOnly=yes
```

Sehemu ya `IdentitiesOnly` usiiache. Bila hiyo SSH inaweza kuonyesha funguo nyingine ulizonazo kwanza, na seva ikakutambua kwa ule wa nyumbani. Kama unasaini komiti, `user.signingKey` nayo ikae hapo hapo, maana saini nzuri juu ya anwani isiyolingana nayo haitapata alama ya kuthibitishwa kwenye tovuti.

## Ukishakosea

Komiti ya mwisho, haijasukumwa: rekebisha mipangilio kwanza, kisha

```
git commit --amend --reset-author --no-edit
```

Usitumie `--author` peke yake kwa kazi hii. Inabadilisha mstari wa juu tu.

Komiti kadhaa, bado ziko kwako:

```
git rebase KOMITI_YA_KABLA --exec 'git commit --amend --reset-author --no-edit'
```

Hii hupita komiti baada ya komiti na kukuandika wewe kwenye kila moja. Kila moja, nimesema: kama katikati kuna kazi ya mwenzako, utakuwa umejipa uandishi wake. Hesabu kwanza kwa ile `git log` ya anwani mbili.

Zikishasukumwa na wengine wakazivuta, namba za komiti zitabadilika zote na kila mtu atalazimika kupanga upya matawi yake. Kwa anwani iliyokosewa tu, mimi siwaombi watu hilo. Naweka faili iitwayo `.mailmap` juu kabisa ya repo, yenye mstari mmoja:

```
Jina Langu <mimi@kazini.example> <mimi@binafsi.example>
```

`git shortlog`, na `git log` katika matoleo ya sasa, zitaonyesha anwani ya kushoto kila zinapokutana na ya kulia, bila kugusa historia. Ila angalia mstari wenyewe: anwani zote mbili zimo, zimekaa kando kwa kando, na yeyote mwenye repo anaweza kuisoma faili. Kama shida yako ilikuwa kuificha ile ya binafsi, hii si dawa yake.